Waya Mweusi Kwenye Bodi

"Mimi nilikwambia bodi. Wewe umefunga waya kwenye mbao, halafu unanitangaza Soni nzima kwamba Hidaya anachoma magari."

"Sasa mama, bodi ya gari hili ni nini kama siyo mbao?" Alen, dereva, akaupiga kofi ubao wa pikapu ya kubebea karoti. "Kwenye simu ulisema, waya mweusi wa amplifaya funga kwenye bodi. Nimefunga kwenye bodi. Moshi ukatoka."

Akina mama waliokuwa wakipanga kabichi kando ya barabara wakacheka. Hidaya hakucheka. Miaka kumi na moja ya kutengeneza umeme wa magari imemfundisha kwamba gari likipona husifiwa dereva, likiungua hutajwa fundi, na fundi akiwa mwanamke hutajwa mara mbili. Kazi hiyo aliipata kwa kumshikia tochi kaka yake, Twaha. Twaha alipohamia Handeni akamwachia kibanda, spana, na wateja wa kumuuliza kila asubuhi fundi yuko wapi. Waliovumilia wakabaki wachache, na mkubwa wao ni mzee Benjamini wa Mlalo, mwenye magari manne ya mboga.

Pikapu hii ni yake. Ndiye aliyenunua amplifaya na spika mbili za pembe, ili karoti zake zitangazwe mpaka Tanga. Na sasa alikuwa njiani anapanda kutoka Mombo, keshapigiwa simu na Alen. Akiyaamini maneno ya dereva wake, magari yote manne yanahama, na Hidaya anafunga kibanda.

Alen akachukua bisibisi. "Ngoja niutoe huo waya."

"Usiguse." Hidaya akamdaka mkono. "Mzee aukute hapohapo."

Haukupita muda, mzee Benjamini akashuka kwenye gari lililotoka Mombo. Ugomvi ukasimama kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaniunguzia mali?"

Hidaya akamwonyesha. Waya mweusi ulikuwa umekazwa kwa skrubu katikati ya ubao, nadhifu kabisa, kama mtu aliyetaka kutundika picha. Akaeleza kwamba umeme ukishaingia kwenye amplifaya lazima upate chuma cha kurudia. Mbao haiupitishi. Ukalazimika kurudi kupitia kawaya kembamba kanakoleta muziki kutoka kwenye redio, na hako ndiko kalikoungua.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Ulimwambia afunge wapi?"

"Kwenye bodi, mzee."

"Bodi ni ipi?"

Hidaya akagusa bati la kichwa cha gari. Mzee akatikisa kichwa, akaweka kiganja juu ya ubao. "Bodi ni hii. Nilimchongesha Zabron seremala, na pesa yake nilimpa mkononi. Hata mimi ningefunga hapa."

Alen akakunja mikono, ametulia kama mgeni rasmi. Hoja aliyoitunza Hidaya tangu asubuhi ilikuwa imekwisha kwa neno moja.

"Nipe nusu saa, mzee."

"Na redio ikiwa imekufa?"

"Hapo utafute fundi mwingine wa magari yako."

Akafungua boneti, akachomoa waya wa betri. Akakata kale kawaya kalikoungua, akaingia uvunguni na msasa, akasugua chesisi mpaka chuma kikang'aa, akaukaza waya mweusi hapo kwa nati. Alipoufuata waya mwekundu hadi kwenye betri akasita. Hauna fyuzi ya kukata umeme ukizidi. Alitaka kumpigia Alen kelele, akaikumbuka ile simu. Hata hilo yeye mwenyewe hakuwa amemwambia. Akaweka fyuzi, akapitisha kawaya kapya, akarudisha betri.

"Washa."

Alen akazungusha ufunguo. Taa ya redio ikawaka. Ya amplifaya ikawaka. Sauti hakuna.

"Si nilisema," Alen akasema taratibu.

Mzee akatazama saa yake. Hidaya akasimama na kijasho puani, akirudia kila waya kichwani. Kisha akaingiza mkono dirishani, akaongeza sauti aliyokuwa ameishusha yeye mwenyewe asije akaunguza spika. Msomaji wa matangazo ya vifo akalipuka juu ya soko zima, safi, bila mkoromo wala harufu. Mama mmoja akaangusha kabichi.

"Zima, zima," mzee akasema, lakini alikuwa anacheka. "Haya, Jumatatu nakuletea na lile lenye taa mbovu. Ya leo ni kiasi gani?"

Hidaya alikuwa anafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja baada ya kingine. "Ya leo sidai."

"Kwa nini?"

"Huyu alinipigia niko jikoni nasonga ugali. Sikumuuliza gari gani, wala sikumtajia fyuzi." Akamgeukia Alen. "Sidai, umesikia? Sasa toa gari, umewazibia watu njia."