Kistari Mbele ya Arobaini

Niliishia darasa la nne. Desimali zilipoanza kufundishwa mimi nilikuwa machungani na mbuzi wa baba, na sikuzikimbilia. Ndiyo maana nilipoanza kuunda mashine za kutotolea vifaranga hapa Msalato, na kujifundisha programu kwa kutazama video kwenye simu, nilifurahi kugundua kwamba ile chipu ndogo inayoziendesha nayo haikusomea desimali. Ukiilazimisha kuhesabu kwa pointi inayoelea, yaani kwa desimali, itajaribu, lakini programu inavimba mpaka haienei ndani. Dawa ni namba nzima. Joto la nyuzi thelathini na saba na nusu unaliandika 375, unajumlisha na kugawa kama unahesabu mbuzi, halafu mwishoni pointi unaichora mwenyewe kwenye kioo. Wahandisi wenye vyeti waliniuliza nilisomea wapi. Nikawaambia: machungani.

Kiburi hicho kingeishia hapo kisingemdhuru mtu.

Mtumishi mmoja wa serikali alikuja kutazama mashine, akainamia kioo, akacheka.

"Mzee, yako ina pointi moja tu? Za dukani zinaonyesha mbili."

"Kwani kuku anataka ngapi?"

"Kuku hajui. Mnunuzi anajua."

Akaenda zake. Siku hiyohiyo nilibadili programu, 375 ikawa 3750, ili kioo kionyeshe 37.50. Ilikuwa Julai, ule upepo wetu unaomfanya mtu avae koti mpaka saa nne asubuhi. Niliipima wiki nzima, haikukosea. Mashine ikaenda Haneti, kwa mama mmoja mjane.

Huyu mama kijijini kwake alikuwa na mkono mzuri. Si kila mtu anaitwa kumlalisha kuku juu ya mayai; yeye alikuwa anaitwa. Hata mbegu za kwanza za mtama, watu walipenda azishike yeye kabla hazijaingia shambani. Kwa hiyo aliposema ana mashine, kina mama kumi na mmoja walimletea mayai, kila mmoja na alama yake ya mkaa kwenye ganda.

Oktoba akanipigia simu.

"Shikamoo mzee. Mayai yameiva."

"Marahaba. Yameanguliwa?"

"Yameiva, mzee. Yana siku tatu tu humo. Nimepasua moja, ni la kuchemsha."

"Kioo kilisemaje?"

"Kiliweka kistari, halafu arobaini."

"Kistari gani? Hiyo ni arobaini, mama. Umeiweka chini ya bati kwenye jua. Kama namba huzijui, si umwite mtu akusomee?"

Akasema, "Basi nisamehe, mzee."

Na mimi nikamsamehe. Nikamwambia yasijirudie.

Novemba nilikuwa napima mashine nyingine karakanani, mchana, bati linalia kwa joto. Nikasikia harufu ya mbao kuungua. Kioo kilikuwa na kistari, halafu arobaini na pointi tisa mbili. Chini ya sifuri. Na taa zote za joto zinawaka, maana mashine iliamini iko kwenye barafu.

Nilikaa chini na kalamu. Programu yangu inasoma joto mara nane, inajumlisha, inagawa kwa nane. Namba moja kwenye chipu ile haipiti thelathini na mbili elfu mia saba sitini na saba. Ikipita, inapinduka na kuwa hasi. Joto likiwa la kawaida, 3750 mara nane ni thelathini elfu, salama. Likifika nyuzi arobaini na moja, 4100 mara nane ni thelathini na mbili elfu mia nane. Imepinduka. Kwa pointi moja isingetokea kamwe. Yule mama alikisoma kioo sawasawa. Asiyejua namba nilikuwa mimi.

Nilijua Novemba. Haneti nilikwenda Februari. Katikati hapo nilirekebisha mashine nyingine zote kimyakimya, nikawaambia wenyewe kwamba nimeziongezea nguvu.

Nilimkuta anapalilia. Mashine ameifunika gunia. Nilimweleza yote, hata ule mchana wa karakanani. Alisikiliza bila kuacha jembe.

"Umejua lini?"

"Novemba."

"Kabla ya mbegu?"

"Kabla."

Akasimama. "Msimu huu hakuna aliyeniletea mbegu nishike, mzee. Wamesema mkono umeungua pamoja na mayai. Na mimi nilikubali, kwa sababu fundi alisema kosa langu. Nilipita nyumba kumi na moja kuomba radhi."

Nikamwambia nitampa mashine mpya. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayedanganya.

"Mashine ninayo. Nyumba ziko palepale."

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma na kofia mkononi. Nyumba ya kwanza nilijaribu kueleza habari za chipu, wakanitolea macho. Ya pili nikasema tu: mashine ilikuwa na kosa, kosa nililitia mimi, mama huyu aliniambia ukweli nikamwita mjinga. Ya tatu alikuwepo bibi mmoja anachambua mlenda, hakuinua hata uso.

"Kwa hiyo mkono wake mzuri?"

"Mzuri, bibi."

"Na mtama wangu umeshaota bila yeye. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilisimama mpaka alipomaliza kuchambua, halafu nikauliza nyumba ya nne ni ipi.