Shahidi wa Saba

Kile kitu kilichowafanya watu wa Lindi mjini wasimame barabarani na kutazama juu, mimi nilikijua tangu kikiwa mkononi mwangu.

Napamba harusi pamoja na mama mdogo. Alasiri ile tulikuwa uani kwa kina bibi harusi, tunamalizia lango la maputo. Kileleni ilitakiwa tufunge puto moja kubwa la rangi ya fedha, duara na bapa kama sinia la pilau, lililojazwa gesi ya kupaa. Mama mdogo akaniambia nilishike vizuri. Nikamwambia nimelishika, nikajikuna shingo kwa mkono uleule.

Likapanda taratibu, likavuka paa la jirani. Jua likalipiga, likang'aa mpaka macho yakauma.

"Weka maua pale juu," mama mdogo akasema. "Akiuliza mtu, ndivyo tulivyopanga."

Hakuna aliyeuliza. Mama wa bibi harusi mwenyewe alikuwa nje na wageni wake, shingo zimekunjwa, wanaonyeshana angani.

Hata magharibi haijaingia, picha zilishazagaa kwenye simu za mji mzima. Kuna walioona madirisha. Muuza mihogo wa mtaani kwetu alisikia mngurumo. Habari ilipomfikia dada yangu kule Mtama, kitu kilikuwa kimetua, kimekaa kidogo na kuondoka. Nilimsikiliza kwenye simu huku nimeuma ncha ya khanga nisicheke.

Siku ya tatu akaja nyumbani kwetu mtendaji wa kata, mzee mpole, na daftari kubwa kwapani. Ameagizwa akusanye maelezo ya mashuhuda, maana mkoa unataka kujua. Tukamwamkia, akaitika marahaba, akakaa. Mama mdogo akawa shahidi wa sita.

"Kilikuwa kikubwa kama trekta," alisema bila kupepesa. "Na kilikuwa kinatutazama."

Mtendaji akaandika yote. "Na wewe, mwanangu?"

Sijui nilishikwa na nini. "Lilikuwa puto, mzee. La kwetu. Liliniponyoka."

Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, nimekiona mwenyewe, natoka msikitini. Upepo ulikuwa unavuma huku, chenyewe kinakwenda kule. Puto gani hilo?"

"Labda huko juu upepo..."

"Usiogope. Wengi wameshtuka. Hakuna atakayekukamata."

Akaandika, kisha akanisomea: "Shahidi wa saba alikiona kwa karibu kuliko wote, na mpaka sasa hajatulia." Uongo haukuwemo humo. Nikasaini.

Baadaye wakaja maofisa wawili wa mkoa, wakataka kuonyeshwa kilikopita, tukawapeleka uani kwa kina bibi harusi. Mama mdogo akanyoosha kidole juu ya paa la jirani, akakisogeza polepole, nao wakakifuata kwa shingo mpaka kikaishia ukutani. Wakapima ua kwa futi kamba, wakanywa maji ya madafu, wakaaga. Majibu hatujayasikia hadi leo.

Kazi zimeongezeka, kwa sababu kila mwenye harusi anataka wapambaji walioona kile kitu. Mama mdogo huwasimulia, na trekta limeshakuwa basi. Mimi nikikutana na mtendaji sokoni, huniuliza kwa sauti ya chini, "Unalala vizuri siku hizi?"

"Nalala, mzee, alhamdulillahi."

"Endelea na dua," huniambia, na kunishika bega.