Nilimfungia Mtani Wangu Njia ya Barua Pepe

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Si la upepo wa ziwa, si la nyaya za simu, si la mvua ya Lusaka, ingawa hivyo vyote nilivisingizia wiki nzima bila haya. Mimi ndiye niliyezizuia barua za Chola, kwa vidole vyangu hivi hivi, huku nacheka peke yangu kama kichaa!

Jina langu silitaji. Nchelenge ni mji mdogo, na wanawake wa soko la Kashikishi wakinijua sitauziwa tena samaki kwa bei ya binadamu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa kuhesabu samaki wa Ziwa Mweru. Msicheke, kazi hiyo ipo. Ofisi ilikuwa na kompyuta nne za mezani, na moja kuukuu iliyokaa chini ya meza yangu, tukaiita Mzee. Mzee hakuwa na skrini wala kibodi. Kazi yake ilikuwa kupiga simu Lusaka asubuhi na jioni na kupitisha barua pepe za ofisi nzima. Nikitaka kumwamuru kitu, niliingia ndani yake kwa waya nikiwa nimekaa mezani kwangu. Nisipoingia mimi, simu haipigwi, na hakuna barua ya mtu yeyote inayotoka.

Chola alikuwa mwanamke, mpimaji wetu wa samaki. Kila asubuhi alipanda baiskeli mpaka Kabuta, akakaa pale mitumbwi inapoegeshwa, akawalaza samaki mmoja mmoja kwenye ubao wenye sentimita na kujaza fomu: aina, jinsia, urefu, amekomaa au hajakomaa. Jioni alirudi ofisini kuziingiza kwenye kompyuta yake. Baba yake alikuwa mchuuzi aliyevuka ziwa miaka mingi kwenda Kilwa ya upande wa Kongo, kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiswahili cha ng'ambo nilikozaliwa, kilichochanganyika na Kifaransa.

Sasa sikilizeni. Chola ni wa ukoo wa Mamba. Mimi, kwa upande wa mama, ni wa ukoo wa Samaki. Hapo hapahitaji maelezo, ni watani! Wabemba huuita utani huo bunungwe, na uko pande zote mbili za ziwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, kukunyang'anya kofia sokoni, hata kukuzika siku yako ikifika, na wewe huruhusiwi kukasirika. Sharti ni moja tu: afanye waziwazi. Mtani hanyemelei. Anakuja usoni, anasema "ni mimi", watu wanacheka, yamekwisha.

Na Chola aliufuata utani huo vizuri mno! Siku moja nilipita Kashikishi na viatu vyangu vipya, mwenzangu yuko katikati ya wanawake na ubao wake.

"Weye, samaki! Kuya hapa, lala!" akaita. "Mi niko napima samaki yote, siachi hata moya!"

Wanawake walinikamata mikono na miguu. Walinilaza chini kwenye magamba, wakasogeza ubao mara kadhaa kutoka kisigino mpaka utosini, na Chola akaandika. Soko zima lilikuja kuangalia. Ningekasirika vipi? Nilicheka nao, nikaenda kufua suruali.

Lakini yule mwanamke aliiingiza ile fomu kwenye kompyuta! Wiki mbili baadaye bosi wetu, mzungu mpole aliyekaa Lusaka, akapiga simu kuuliza huyu ni samaki gani wa Mweru mwenye urefu wa sentimita mia moja sitini na nane. Kwenye nafasi ya aina palikuwa na jina langu. Jinsia, dume. Ukomavu, hajakomaa.

Hajakomaa! Nina watoto watatu! Nikaapa kulipiza.

Wazo lenyewe nilidhani nimeteremshiwa na malaika. Barua pepe haisafiri nzima, hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti imeandikwa imetoka mashine gani. Nikimpa Mzee uwezo wa kuchuja, naweza kumwambia: pakiti za mashine ya Chola usipitishe. Shida ni kwamba kiini cha mfumo wa Mzee, yaani ule moyo wa ndani unaoendesha kila kitu, hakikuwa na kichujio. Ilibidi nikijenge upya.

Jumapili baada ya misa niliingia ofisini na chupa ya chai. Kujenga kiini ni kujibu maswali, mamia ya maswali, ndiyo au hapana. Unataka kadi hii ya mtandao? Unataka ukuta wa kuchuja pakiti? Pembeni ya kila swali kuna maelezo, na mara nyingi mwisho wake unashauriwa ujibu hapana kama huna hakika. Mimi nilikuwa na hakika na kila kitu. Ukuta, ndiyo! Kichujio, ndiyo! Nilipofika kwenye swali la kuonyesha maandishi kwenye skrini, nilijibu hapana. Mzee hana skrini, ya nini kumpa macho? Kiini kitakuwa chepesi. Nilijiona bingwa.

Kiini cha zamani nikakifuta kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Diskete ya kuokolea mashine tayari nilikuwa nimeiandikia nyimbo za kwaya. Mzee alisaga kazi ile tangu chakula cha mchana mpaka kuku walipoingia bandani, akaamka na kiini kipya, salama kabisa.

Ikabaki sheria yenyewe, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Mashine hukataa pakiti kwa namna mbili. Ya kwanza humjibu aliyetuma kwamba amekataliwa. Ya pili huitupa pakiti kimya kimya, na aliyetuma hungoja mpaka achoke, asijue kama kuna mlango au ukuta. Nilichagua ya pili. Utani wetu unataka useme "ni mimi", nami nikachagua kujificha. Nilijua kabisa ninachofanya, na nilicheka.

Jumatatu jioni Chola alikaa mbele ya kompyuta yake. Kile kijisaa cha mchanga kikazunguka, kikazunguka.

"Fundi, barua yangu haiko inatoka. Juu ya nini?"

"Ni upepo wa ziwa."

"Lakini ya benzangu inatoka!"

"Upepo unachagua."

Jumanne nikasema ni nyaya za simu. Jumatano nikasema kuna mvua Lusaka. Nilikuwa nikitoka nje kwenda kucheka nyuma ya choo mpaka mbavu ziniume. Niliona kwamba hasogezi mkono kwenye fomu za samaki, anaangalia tu kile kijisaa. Niliona, nikapuuza. Nilipanga kumwambia Ijumaa mbele ya ofisi nzima, apige magoti, aseme kwamba nimekomaa.

Alhamisi asubuhi nilimsikia akimwomba karani wetu amwachie kompyuta yake dakika kumi jioni. Barua ikitoka kwa karani, atajua ni mashine yake tu iliyofungwa, na mchezo wangu utaharibika kabla sijaumalizia. Basi, badala ya kukiri, nikaongeza sheria! Zuia mashine zote za mezani, isipokuwa yangu.

Jamani, Mzee husoma sheria kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayofaa ndiyo anayoifuata. Mimi kwa haraka zangu niliandika "zuia wote" juu, na "isipokuwa mimi" chini yake. Nikayahifadhi maagizo hayo yasomwe kila Mzee anapoamka. Nikabonyeza. Maandishi yakaganda kwenye skrini yangu. Nikabonyeza tena, wapi! Nilikuwa nimejifungia nje ya mashine yangu mwenyewe, na ofisi nzima pamoja nami.

Sikuogopa sana, nilijiambia nitapata njia tu. Ndipo Chola akaja, akavuta kiti karibu na mimi. Hakuniita samaki.

"Fundi, niko na kitu moya ya kukuambia, usiambie mutu. Bananiita kwenda kusoma Bulaya, miaka mbili, masomo ya samaki. Kama sijibu kesho mbele ya midi, saa sita ya muchana, place yangu banapatia mutu mwingine. Hata mama sijamuambia, nilikuwa naogopa wivu ya bantu."

"Hakuna namba ya simu?" nikauliza.

"Hapana. Adresi ya barua pepe tu. Tangu Jumatatu niko natuma."

Mungu wangu! Wiki nzima yule mwanamke alikuwa anangoja maisha yake yatoke, na mimi niko nyuma ya choo nacheka.

Mtasema hapo basi nilimwambia ukweli. Sikumwambia! Nilisema, "Tutajaribu, ba Chola," na hilo "ba" ni la heshima, kwa uso wa daktari. Nilimzima Mzee na kumwasha tena, naye akaamka na sheria zangu zilezile. Nikaazima skrini na kibodi za Chola mwenyewe, watu wote wakiangalia, nikamchomekea Mzee. Mzee akaandika maneno mawili matatu ya kuamka, kisha skrini ikawa nyeusi tii. Bila shaka! Nilimnyima macho Jumapili kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikajaribu ile diskete, ikawa nyimbo za kwaya tupu.

Ijumaa asubuhi nilimfungua Mzee kwa bisibisi, nikang'oa kadi ya modemu, ile inayopiga simu, tumboni mwake na kuipandikiza kwenye kompyuta ya Chola. Kompyuta haikuitambua. Nikaitoa, nikahamisha vijipini vyake vya mipangilio, nikairudisha. Saa tano. Tena. Saa tano na nusu. Chola alikuwa amesimama nyuma yangu akisali kwa Kibemba, polepole, na jasho langu lilikuwa likidondoka ndani ya mashine. Kadi iliitika saa sita kasoro dakika saba. Tukapiga Lusaka. Mstari umejaa. Tukapiga. Umejaa. Barua ya Chola ilitoka saa saba na dakika ishirini.

Alinikumbatia, akitumaini watamsamehe kule kuchelewa! Mbele ya karani na mlinzi aliniambia, "Aksanti sana, fundi, bila weye ningekuwa nimekufa." Na Jumamosi akaniita kwao, akanichinjia kuku. Mama yake, ambaye sasa alikuwa ameshaambiwa, aliniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kama mgeni wa heshima. Nililila lile firigisi, ndugu zangu. Nilitafuna nikameza, nikashukuru. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Jumatatu jibu likaja. Walisikitika, barua yake ilifika baada ya muda, nafasi amepewa mwingine. Chola alilisoma mara mbili, akachukua ubao wake, akaenda Kabuta kupima samaki.

Sikulala wala sikula. Alipokuja Jumanne jioni nilisimama katikati ya ofisi nikakiri yote, sheria, kiini, upepo unaochagua. Lakini woga ulinishika mwishoni, nikataka kuugeuza utani. Nikasema kwa kelele, "Safari hii Samaki amemmeza Mamba!"

Karani aliangalia sakafu. Chola alinitazama, kisha akacheka. Alicheka kwa sababu utani unamtaka acheke.

"Mutani hana kasirani," akasema. "Donc, siko na kasirani."

Nikashusha pumzi. Mpumbavu mimi, nilidhani nimesamehewa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, macho chini, vile mtu anavyomsalimia mkwe. "Mwashibukeni mukwai, Monsieur," akasema. Mimi, Monsieur, kama mkubwa asiyetaniwa! Kwa Chola! Nikamrushia tusi langu zuri kabisa, nikamwambia ni mamba kibogoyo anayenyonya uji. Akasema, "Ndiyo, Monsieur," akapita kwenda kuchukua fomu.

Ni miezi minane sasa. Nimepita sokoni makusudi na viatu vyangu, akanipisha njia. Nimemnyang'anya kitambaa cha kichwa mbele ya wanawake wote, akangoja kwa adabu mpaka nikamrudishia, akasema aksanti. Nafasi ya kusoma ameiomba tena mwaka huu. Mimi ndiye niliyembebea barua mpaka Lusaka kwa basi, kwa nauli yangu, na aliponikabidhi bahasha aliishika kwa mikono miwili kama anampa askofu. Mzee nilishamjenga upya, na kila swali nisilolielewa nalijibu hapana. Hilo halijamfanya Chola anitukane.

Wenzangu mnaoshika funguo za mashine, za stoo, za ofisi, nawasihi! Msichezee mlango ambao hamjui nani amesimama nyuma yake. Ukitaka kumzuia mtu, mzuie usoni, umwambie ni wewe. Na kama sasa hivi kuna mtu anangoja kitu, na wewe unajua kwa nini hakifiki, amka uende ukamwambie leo. Akikutukana, mshukuru Mungu.