Koko aliwaimbia wajukuu wote, mimi akaniruka

Supa wakuu, ndiyo salamu yetu ya Kimaa. Wale wa kujibu "ipa", jibuni hapo hapo mlipo.

Hii siongezi chumvi. Mama yuko hapa kando, ataisoma.

Niko Kitengela, nauza mabati, Jumapili napiga keyboard kanisani. Juzi tumezika Koko, nyanya mzaa mama, nyumbani huko ndani Kajiado. Ndiye alinilea mpaka nikamaliza primary.

Koko akikama ng'ombe asubuhi alikuwa anaimba. Wimbo ule ule, lakini ndani anaombea wajukuu, kila mtu na mstari wake, na walioko zizini wanaitikia.

Na hakuwa anaombea kwa adabu. Binamu yangu Lemayian: "Yule anayekula amesimama kama punda, Enkai umlinde." Enkai ni Mungu kwa Kimaa. Dadake, Naserian: "Yule anayefunga mlango kwa teke, Enkai umpe bwana mwenye mlango wa chuma."

Mimi? Hakuna kitu. Hao wawili walikuwa boarding huko Ngong, wanatajwa kila asubuhi. Mimi niko hapo nashikilia ndama, siimbiwi.

Sikuwahi kuuliza. Utaanzia wapi? "Koko, mbona mimi hunitusi?"

Nilipohamia Kitengela, hao wakarudi nyumbani, mmoja akisafiri kwa kazi mwingine anabaki. Nikienda kuwasalimia, naamka mapema, nasimama zizini nikisikiza. Bado hakuna. Iliniuma, wakuu, na bado nilikuwa namnunulia majani ya chai.

Basi Koko akaenda. Mazishini nilipiga keyboard, watu wakasema imetulia. Sikulia. Mama akanigusa paji la uso kuona kama niko na homa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na marehemu, na hiyo hasira hata pastor huwezi kumpelekea.

Kesho yake watu wa nyumba tukanyolewa, vile huku kwetu hufanywa mkifiwa. Tumekaa kwenye vibao, vipara vinawaka, tunangoja chai. Lemayian akaanza tu:

"Koko alinionea. Nyinyi wote mliimbiwa, mimi hapana."

"Wewe?" Naserian akaruka. "Wewe si uliimbiwa mpaka ng'ombe wakakujua! Ni mimi sikuimbiwa."

Mimi nimetoa macho tu.

Aunty Resiato, lastborn wa Koko, ndiye alikuwa na wembe. Alicheka mpaka akauweka chini. Mjomba akabaki amenyolewa nusu, hakuna aliyemjali.

"Kwani nyinyi hamkujua? Mama alikuwa anaimbia wenye hawako. Aliye nyumbani si anaonekana? Ataombewa arudi wapi?"

Woiye. Watu wazima watatu, kila mmoja amebeba kinyongo chake, na hakuna hata mmoja aliyeachwa.

Nikauliza, "Na mimi aliniimbia nini?"

Hawakuhitaji kufikiria. Waliimba pamoja, Lemayian, Naserian na Aunty:

"Yule anayepigia watu kelele kwa vidole, Enkai, asilale njaa huko Kitengela."

Kila asubuhi, Aunty akasema. Hata akiwa na mafua. Hata wakati ng'ombe walikuwa wameisha kwa ukame na hakuna cha kukama, alisimama pale zizini akaniimbia.

Nikalia. Mtu na kipara chake, kikombe mkononi, kamasi mpaka kidevuni. Miaka yote nikipiga keyboard, hiyo ndiyo review ya kwanza ya ukweli nimepata.

Jioni Aunty akaenda kukama, sisi nyuma yake. Akaanza wimbo. Lakini siku hiyo tulikuwa sote nyumbani, hakuna wa kuombewa. Ni mmoja tu hakuwepo, na huku kwetu aliyekufa jina lake halitajwi.

Aunty akafika mahali pa mstari, akafungua mdomo, akanyamaza. Mikono inakama tu.

Mama ndiye aliitikia kwanza. Kisha sisi wote. Hakuna aliyeimba mstari, lakini tuliuitikia, na tukarudia mpaka maziwa yakajaa.

Nilichojifunza ni hiki: ukidhani hukupendwa, usijiulize mwenyewe. Uliza wale waliobaki nyumbani ukishaondoka.

Haya, na kwenu husemwa nini mkiwa hampo? Pigeni simu muulize, halafu mje mwandike hapa. Matusi yanaruhusiwa.