Pampu ya Baba na Sumu ya Kiwanda

Baba alipochimbisha kisima, alitaka bomba lielekee barabarani. Mama alimtania kwamba anafungua soko, naye akacheka tu. Maji hayanyimwi, alisema, na alipokufa hatukuligeuza. Pampu ilinguruma kwa nguvu za jua tangu asubuhi, na nusu ya mtaa wetu wa Tshopo ilikunywa kwetu.

Juu ya mteremko kulikuwa na kiwanda cha mbao. Mbao zililowekwa katika dawa ya kuzuia wadudu, na dawa ikichoka ilimwagwa katika shimo nyuma ya ukuta. Visima vya karibu na ukuta huo vilipoanza kunuka, meneja alileta magunia ya chokaa akayamwaga shimoni mbele ya watu. La kuvunda halina ubani. Watu wa huko wakahamia kwenye bomba letu, na pampu ikawa haipumziki.

Mimi nilikuwa nimesomea maji ya ardhini, na hasira ilinipa kazi. Nilizunguka mtaa nikishusha kamba katika kila kisima kupima maji yako chini kiasi gani, nikawauliza wachimbaji mchanga unaanzia wapi na mfinyanzi unaanzia wapi, kisha nikaingiza yote kwenye modeli ya kompyuta inayochora maji yanavyotembea ardhini. Nilitaka picha ya kumtupia meneja mezani. Sote tuliamini sumu inateremka moja kwa moja hadi mtoni, kwa kuwa mteremko wenyewe unakwenda huko. Modeli ilichora mishale ya maji ikitoka kiwandani, ikishuka vizuri, halafu katikati ya njia ikapinda kuja kwetu. Nilidhani nimekosea namba. Nilipozima pampu ndani ya modeli, mishale ilinyooka kuelekea mtoni. Nilipoiwasha, ikarudi uani kwetu.

Meneja alipoiona picha alifurahi. Alisema basi mwenye kosa ni mwenye pampu. Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo natamani.

Mama nilimweleza jikoni, akitwanga pondu, majani ya muhogo. Nilimwambia kwamba kwa hesabu yangu sumu bado iko njiani, ila ikifika kidogo kidogo hainuki, na chupa za vipimo zinakwenda Kinshasa, majibu yanakuja baada ya miezi. Tungekunywa kwanza, tujue baadaye. Aliacha kutwanga.

"Donc ni sisi tunaivuta?"

"Ni pompe, mama."

"Na pompe iko ya nani?"

Nilimwambia kuna njia. Tukizima pampu na kuchota kwa ndoo na kamba, kisima kitavumilia nyumba mbili au tatu bila kuivuta sumu. Aliniuliza hizo nyumba mbili tatu ni zipi.

Kesho yake aliifunga pampu na kusimama barabarani kuwaeleza watu mwenyewe. Wengine walielewa. Jirani yetu wa upande wa pili wa barabara alisema binti amesoma ili amfundishe mama yake uchoyo. Mama alichukua bidoni lake la maji akateremka pamoja nao hadi kwenye kijito, kwenye maji ya rangi ya chai yanayopita chini ya vyoo. Tuliyachemsha makaa yalipopatikana. Nilimgombeza kila jioni kwamba tuna maji safi uani, naye akasema hawezi kuyanywa huku watu wakimtazama kutoka barabarani. Kiwanda kiliendelea kuloweka mbao zake.

Mvua zilipokolea, homa ya matumbo iliingia mtaani na mama akashikwa. Hospitalini niliwakuta watu wa avenue yetu kitanda kwa kitanda. Nilirudi nyumbani, nikachota maji kisimani kwa kamba, nikayachemsha na kuyapoza, nikampelekea. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliionja ncha ya kijiko, akajua yametoka wapi. Kwenye kitanda cha pili alilala yule jirani aliyetuita wachoyo.

"Umupe ule kwanza," mama aliniambia, akimtazama jirani.

Nilikataa. Nilisema nimechota kwa ajili yake, na yule ana watoto wa kumhudumia. Mama alifumba mdomo akageukia ukuta, kama alivyokuwa akifanya alipomkasirikia baba. Nikaenda na kikombe kwa jirani, nikimchukia. Alikunywa polepole sana, akipumzika kila baada ya funda, nami nikasimama pale nikimshikia kichwa. Niliporudi kwa mama na kikombe kingine, hakuweza tena kumeza.