Hisa za Fundi wa Rejeta

Fundi wa rejeta za magari wa mtaa wa Buyenzi hajibu neno kabla hajafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Tangu nchi jirani zifunge mipaka, hisa zake za kampuni ya mafuta hupanda bei malori ya petroli yapenyapo, na hushuka yachomwapo njiani; naye haziuzi, kwani ndizo akiba pekee ya uzee wake na mkewe.

“Baba Asiya, uza leo,” mkewe alimsihi, mnunuzi akisubiri mlangoni na nusu ya bei ya mwaka jana. “Kesho karatasi zake tutazifungia karanga!”

Fundi alifuta mikono kwa muda mrefu. “Apana.”

Mnunuzi alipoondoka, fundi aliketi juu ya tairi.

“Mama Asiya, yule mnunuzi akirudi, jibu we. Mi nimechoka kusema apana.”