Nilikata Uzi wa Jalada Jekundu

Ninayokueleza hapa yalinipata mimi mwenyewe, mchana, saa tisa, nikiwa nimeshiba na akili zangu ziko timamu. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukisimulia jambo la namna hii, swali la kwanza ni kama ulikuwa umekunywa. Sikunywa. Hata pombe ya harusi hunishinda, mke wangu ni shahidi, na yeye si mtu wa kunisifu bure.

Ninakaa Kabondo, hapa Kisangani, na kazi yangu ni ya kuandika barua kwenye ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa. Tuna watoto wawili mapacha, wasichana, Mbo na Mpia, wana miaka saba. Kwa hiyo mtaani siitwi kwa jina langu. Mimi ni Papa Mapasa na mke wangu ni Mama Mapasa, kama wazazi wa mapacha wanavyoitwa kwetu. Na sheria ya mapacha kila mtu anaijua: ukimpa mmoja pipi, mpe na mwenzake; ukimsalimu mmoja, usimpite wa pili. Nguo ni mbili, viatu ni jozi mbili, hata kipigo, Mungu anisamehe, tunajaribu kigawanywe sawa. Nyumbani sijawahi kuivunja sheria hiyo hata siku moja, na ndiyo sababu hadi leo sijisamehe.

Sasa nikuambie ugonjwa wangu. Mimi nakusanya bede, vile vitabu vya katuni vinavyouzwa njiani. Lakini sikusanyi vizuri. Nakusanya vilivyoharibika: ukurasa uliobandikwa miguu juu, hadithi iliyorudiwa mara mbili, jalada la kitabu hiki juu ya matumbo ya kingine. Kinachonipendeza kuliko vyote ni rangi iliyohama. Unajua, mashine ndogo huchapa rangi moja moja, na karatasi ikisogea kidogo tu, wekundu unatoka nje ya mstari, shati linabaki hapa na rangi yake inasimama pale pembeni. Wengine wanaona takataka. Mimi naona kitu ambacho hakipo mahali pengine duniani. Mke wangu husema afadhali ningekunywa pombe, maana mlevi angalau hulala.

Hazina yangu ilikuwa kwa Mama Albertine, jirani yetu anayekaanga mikate kwenye kona ya njia yetu, ile mikate ya mviringo ya kukaanga kwenye mafuta. Mikate hufungiwa karatasi, na karatasi Mama Albertine hununua popote: mashuleni, maofisini, kwa wachapaji wanaotupa kazi iliyokosewa. Kabla hajaichana, mimi hupita na kuchambua. Tulikuwa tumezoeana hivyo miaka mingi.

Siku moja nikakuta kwake rundo lililotoka Mangobo, kwa mchoraji mmoja aliyekuwa amefariki. Mzee yule alichora na kuchapa bede zake mwenyewe, hapohapo nyumbani, na kila toleo alilitoa kwa majalada mawili, moja jekundu na moja la kijani. Hadithi ndani ni ileile, vijana wawili ndugu na vituko vyao. Sisi wakusanyaji tulijua kwamba alikuwa na wana mapacha na kwamba alikuwa akiwatendea sawa, kila mmoja rangi yake. Tuliona ni uzuri wa mzazi, basi. Katika rundo lile jozi moja ilikuwa ingali imefungwa kwa uzi mweusi.

La kijani lilikuwa safi, halina kosa hata moja. Lakini lile jekundu, ndugu yangu, moyo ulinipasuka. Rangi ilikuwa imehama upana wa kidole kizima. Vijana wawili wa kwenye jalada, kila mmoja alikuwa na mtu mwingine pembeni yake, mtu wa wekundu mtupu, hana macho wala mdomo. Nikatoa wembe nikakata uzi.

“Papa Mapasa,” Mama Albertine akaniambia, “unabeba moja tu? Hii iko mapasa. Beba yote mbili, ao acha yote.”

“Ile ingine haina kosa, mama. Nitaifanyia nini? Fungia batu mikate.”

Akanitazama kidogo, akacheka, akaendelea kugeuza mikate yake. Nami nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi. Mimi, baba wa mapacha, sikufikiri lolote.

Wiki moja ikapita. Siku ya Jumatano nilikuwa nyumbani na watoto, mama yao amekwenda kumwangalia dada yake anayekaa mtaa wa Makiso. Mbo na Mpia walikuwa kwenye mkeka wakifanya kazi za shule. Mvua ikashuka, ile mvua yetu isiyobisha hodi, nyumba ikawa na giza kama jioni. Nikasikia mtu mlangoni.

“Ko ko ko. Papa, mvua inanikamata hapa inje. Naweza kuingia?”

Ungefanyaje wewe? Nilimwambia aingie. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, shati jekundu. Nikampa kiti. Jambo la kwanza nililoliona ni viatu: nje maji yalikuwa yakitiririka kama mto, na viatu vyake vilikuwa vikavu. La pili sikulielewa mara moja. Nilidhani macho yangu yameingiwa na moshi, nikayapangusa. Niamini nikikuambia, wekundu wa shati lile haukuwa juu ya shati. Ulikuwa pembeni, upana wa kidole. Akiinua mkono, mkono ulipanda kwanza, na rangi ya mkono ikafuata nyuma yake.

“Njo wewe Papa Mapasa?” akauliza, kuhakikisha ndiye mimi. “Banasemaka unakusanyaka bede zenye kuharibika.”

Sasa cheka, kama unataka. Mtu wa namna ile amekaa sebuleni kwangu, na mimi nikafurahi kwamba nimepata mgeni anayejua mambo. Sifa ni kitu kibaya sana. Niliingia chumbani nikamletea kile kitabu chekundu. Ni pale tu nilipokishika mbele yake ndipo nilipoona jalada na mtu kwa pamoja, na kwamba kosa lao lilikuwa moja.

“Mwenzake iko wapi?” akauliza kwa upole.

“Ile... haikuwa na kosa. Niliiacha.”

“Uliiacha.”

Akageuka akawatazama wanangu. Walikuwa wameacha kuandika. Mpia, nikueleze, ana kengeza kidogo, jicho lake la kushoto huelekea pembeni. Mbo hana. Ndivyo watu wanavyowatofautisha.

“Bon,” yule kijana akasema. “Huyu wa jicho ya pembeni, utabaki naye. Wewe unapendaka yenye kosa. Mimi nitabeba huyu mwingine. Njo vile unafanyaka, sivyo?”

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hicho ndicho kilichonitisha. Alisema kama mtu anayegawana nawe muhogo. Na sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Aliposema hivyo, kabla mkono wangu haujawashika watoto, ulikishika kitabu. Nilikibana kifuani. Ni muda mfupi sana, kama kupepesa jicho, lakini yeye alikuwa ananitazama, na Mbo pia alikuwa ananitazama.

“Chukua kitabu,” nikamwambia baadaye. “Chukua vyote nilivyo navyo.”

“Moja haibebeki, papa. Tulikuwa wawili.”

“Basi nitatafuta ile ingine. Iko hapa karibu.”

“Nangoja. Lakini mvua ikikatika, naenda na wangu.”

Niliwashika watoto, huyu mkono huu, yule mkono ule, tukatoka mbio bila hata mwavuli. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mpia alikuwa analia. Mbo hakulia, alikuwa anageuka nyuma kila mara kutazama mlango wetu.

Mama Albertine alikuwa ndani kwake, amefunga biashara kwa sababu ya mvua. Nilimwambia kwa maneno matatu. Hakuniuliza kama nimekunywa. Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika kichwa.

“Nilifikiri ni hadithi ya batu,” akasema. “Ule mapasa mwenye nyekundu alizamaka kwa mto Tshopo, angali mutoto. Papa yabo alikuwa anafungaka zile bede mbili mbili na uzi, ili ule wa maji apate mwenzake kwa karatasi, asikuye kubeba ndugu yake mwenye alibaki. Donc wewe ulikata uzi. Na mimi nilifungia batu mikate.”

“Hakuna kitu kilibaki?”

Akanyoosha mkono kwenye rafu. Kulikuwa na chupa ya mafuta ya mawese, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa karatasi iliyosokotwa. Akaichomoa, akaikunjua pole pole mezani. Ilikuwa nusu ya jalada la kijani. Kijana mmoja kati ya wale wawili alikuwapo mzima, wa pili alikuwa mkono tu, na mafuta yamemfikia hadi kwenye vidole. Kurasa nyingine zote zilikuwa zimekwisha kwenda na mikate midomoni mwa watu wa Kabondo.

Tulirudi. Yule kijana alikuwa kwenye kiti chake vilevile nilivyomwacha. Nikamwekea karatasi mezani, kando ya kitabu chekundu. Na hapo, Mungu wangu, macho yangu ya mkusanyaji yalitazama zile rangi mbili zikilala pamoja na nikawaza jinsi jozi ile ilivyokuwa nzuri. Mtoto wangu yuko hatarini na mimi nawaza uzuri wa jozi. Huyo ndiye mimi, sikufichi.

Aliigusa kwa kidole, na rangi ya kidole ikaigusa baada yake.

“Hii ni nusu, papa.”

“Njo yenye ilibaki. Ingine ilikulwa.”

Alifikiri. Nje mvua ilianza kupungua, matone yakawa ya kuhesabika juu ya bati.

“Sawa,” akasema. “Na mimi nitabeba nusu.”

Mvua ikakatika. Sikumwona akiinuka. Kiti kilikuwa kitupu, meza ilikuwa tupu, na sakafu chini ya kiti ilikuwa kavu. Niliwatazama watoto: wawili. Mbo yupo, Mpia yupo, wote wameloa, wote wanapumua. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilicheka hata. Nilidhani nimeshinda.

Ijumaa ikanyesha tena. Mbo alikuwa anakula wali, anamsimulia mama yake habari ya mwalimu wao, na tone la kwanza lilipogonga bati akanyamaza katikati ya neno. Kijiko kilikuwa hewani. Macho wazi, lakini hakuna mtu ndani. Tulimwita, tukamtikisa, tukamwagia maji. Mwili ulikuwa baridi kama samaki. Mvua ilipokatika akamaliza neno lake na kuendelea kula, na nywele zake zilikuwa zinadondosha maji, ilhali alikuwa ameketi ndani.

Tangu siku hiyo ni hivyo. Kila mvua inaondoka naye. Tumekwenda kwa madaktari, tumefunga na kusali na wachungaji, tumemleta shangazi wa mama yake kutoka Isangi aje aimbe nyimbo za mapasa. Na wewe unajua mji wetu, mvua haina msimu, inanyesha inapotaka. Mpia ameacha kwenda shule siku ya mawingu. Hukaa karibu na dada yake, amemshika mkono, anamsimulia hadithi hadi arudi. Mke wangu huzungumza nami habari za chumvi na mkaa tu.

Nilimtafuta pia yule pacha aliyebaki, kule Mangobo. Nilitaka jozi nyingine, uzi mwingine, chochote. Sura na umri wake vilikuwa vilevile vya mgeni wangu, kana kwamba yule wa maji alikua pamoja naye; alinipokea vizuri, akanipa kiti. Alisema karatasi zote za baba yake aliziuza. Kisha akaniambia kwamba miaka yote ndugu yake alikuwa akimjia usingizini, anavuta blanketi, na kwamba sasa hamjii tena.

“Sasa ninalalaka muzuri,” akasema, na hakuweza kunitazama usoni.

Kwa hiyo wewe unayekusanya, na najua mko wengi kuliko mnavyokubali, usiniandikie kuniambia kwamba umepata jekundu lililohama rangi na kwamba una bahati. Uliza kwanza lilifungwa na nini, na nani alilifunga, na kwa sababu gani. Kama ulikata uzi, kimbia leo ukatafute kile ulichoacha, kabla watu hawajakimaliza. Na usidhani kwamba nusu itatosha, kwa maana atakayekuja kwako anajua kugawa.

Jana ilinyesha tangu asubuhi hadi saa kumi. Haijawahi kukaa muda mrefu hivyo. Ilipokatika, Mbo alifungua macho, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Mpia akamuuliza pole pole, kwa adabu, kama mtoto anayeuliza habari za mgeni:

“Huyu papa ni nani?”